Kikombe cha Samunge na kichaka cha mugariga

Machi 2011, stendi za Arusha zilikuwa zinaita Loliondo kuliko zilivyokuwa zinaita Dar es Salaam. Noah, Land Cruiser zilizochoka, mabasi madogo, pikapu zilizotandikwa magodoro: yote yalielekea kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, takribani kilometa 400 kutoka mjini, kwa njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero. Huko mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa anatoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Kikombe hicho, kwa maelezo yake, kilikuwa cha UKIMWI, kisukari, saratani, pumu, presha na kifafa.

Yaliyofuata wengi wanayakumbuka. Foleni ya magari ilifika kilometa kadhaa, kisha makumi ya kilometa. Helikopta zilitua. Wagonjwa mahututi walitolewa wodini na ndugu zao wakalazwa siti za nyuma. Mwishoni mwa Machi Mchungaji mwenyewe aliomba watu wasije hadi baada ya 1 Aprili, ili waliokwisha kufika wamalizike kwanza. Vyombo vya habari viliripoti kwamba zaidi ya watu 50 walikuwa wamefia njiani au foleni. Mwasapila alifariki mwishoni mwa Julai 2021, na kufikia hapo msongamano ulikuwa umekwisha miaka mingi.

Kisa hiki kimejadiliwa sana upande wa imani na upande wa siasa. Mimi nataka kukitazama upande wa mti, maana mti ndio shahidi ambaye hakuna aliyemhoji vizuri. Na mti huu haukuwa mgeni kwa mtu yeyote wa Arusha.

Wasonjo, wenyeji wa Samunge na vijiji jirani, huuita mugariga. Wamaasai huuita olamuriaki. Waswahili wa pwani huuita mtandamboo. Wataalamu wa mimea waliuita Carissa edulis kwa muda mrefu, na siku hizi wengi wao wanauweka ndani ya Carissa spinarum, jina linalobeba vichaka vya aina hiyo kuanzia Afrika, kupitia Yemen na India, hadi Australia. Ni kichaka cha kijani kibichi mwaka mzima, kiangazi na masika. Kinaota kwenye miteremko mikavu, kando ya makorongo, pembeni mwa vichuguu. Ukitoka Arusha kwenda Monduli utakipita mara nyingi bila kukijali.

Ukikisogelea utakijua kwa mambo matano. Majani yake yamekaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kijiti, magumu kidogo na yenye kung'aa. Katikati ya majani umetoka mwiba mrefu ulionyooka, hufika sentimita 5, na mchungaji wa mbuzi atakuonyesha kovu lake bila kuulizwa. Ukivunja kijiti, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Kikichanua, ua ni jeupe ndani na jekundu la kufifia nje, lenye harufu tamu ambayo jioni unaipata kabla hujauona mti. Matunda huanza mekundu, yakiiva yanakuwa zambarau karibu na weusi, na watoto wa machungani huyala hadi midomo inabadilika rangi. Mbuzi nao hawaachi majani. Watu wengine hukipanda kiwe ua wa boma, na kwa miiba ile hakuna fisi wa kujaribu mara mbili.

Dawa iko kwenye mizizi. Katika utaalamu wa wazee wa Kimaasai, olamuriaki huingia kwenye supu. Wanaume wanapochinja na kukaa porini kula nyama, kwenye kambi inayoitwa olpul, supu ya mifupa huchemshwa na magome au mizizi ya miti mbalimbali. Olkiloriti ni mmojawapo, olamuriaki ni mwingine. Kila mti una kazi yake: mmoja wa kuyeyusha mafuta tumboni, mwingine wa maungo, mwingine wa kuamsha mwili uliolegea. Nje ya olpul, mizizi ya kichaka hiki ilichemshwa kwa ajili ya homa, kifua kinachobana, tumbo, maumivu ya viungo, na hasa kisonono. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki zinazoufahamu mti huu, kisonono na magonjwa mengine ya zinaa yanajirudia kwenye orodha ya matumizi. Hata Wasonjo wenyewe waliutumia hivyo kabla Babu hajaota ndoto yoyote.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kunivutia. Dawa iliyokuwa ikifahamika kijijini kwa mambo ya kawaida, iliyokuwa ikichimbwa na mama au mzee nyuma ya nyumba, ghafla inakuwa dawa ya magonjwa ambayo wazee hawakuwahi kuitumia kuyatibu. Saratani haikuwa kwenye orodha yao. Kisukari hakikuwepo kwa jina hilo. UKIMWI ulikuja juzi. Je, mti ulibadilika?

Mti ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni masharti ya kuutumia, na ninadhani humo ndimo jibu la kisa hiki limelala.

Tuangalie jinsi mganga wa mitishamba wa zamani anavyofanya kazi, yule anayeheshimika kijijini na si yule wa tangazo la kwenye nguzo ya umeme. Kwanza anauliza. Maumivu yalianza lini, yanapanda wakati gani, umekula nini, mama yako alikuwa nayo? Pili anapima kwa mtu: mtoto hapewi sawa na mtu mzima, mjamzito mara nyingi hapewi kabisa, mzee anapewa pamoja na maziwa au mafuta. Tatu anakupa dozi ya siku kadhaa na anakwambia urudi. Ukirudi hujapona, anabadilisha mti, au anakiri kwamba hili si lake. Ana mashaka mengi ndani ya kazi yake, ingawa hayatangazi. Huo ndio uganga wa mitishamba ambao babu zetu walituachia, na nguvu yake kubwa ilikuwa kwenye kumfuatilia mgonjwa.

Samunge iliondoa vyote hivyo kwa mpigo. Hakukuwa na kuulizwa: aliyekuja na pumu na aliyekuja na saratani ya titi walipokea kikombe kilekile. Kipimo kilikuwa kimoja kwa mtu mzima wa aina yoyote. Dozi ilikuwa mara moja tu maishani. Hakuna kurudi kukaguliwa. Tena dawa ilipaswa kunywewa palepale, kutoka kwa mkono wa Mchungaji. Kuchimba mizizi ileile na kuichemsha kwako Njiro au Majengo, Moshi, hakukuhesabika. Mwasapila hakuwahi kuficha jambo hili. Kwa maneno yake mwenyewe, uponyaji ulitoka kwa Mungu aliyemwotesha, na mti ulikuwa chombo. Kwa hiyo alikuwa mkweli kuliko wengi waliomtetea kwa jina la sayansi. Alichotoa kilikuwa sakramenti yenye ladha ya mizizi. Kukiita tiba asili ni kuchanganya mambo, na mchanganyo huo ulifanywa na sisi tuliokuwa tunatazama: waandishi, wanasiasa, na hata baadhi ya wataalamu.

Serikali, kwa mfano, iliupima mti. Mwanzoni Wizara ya Afya ilitaka huduma isimame, halafu ikalegeza, na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa tiba asili kutoka Muhimbili wakapelekwa kuichunguza dawa. Jibu lililotangazwa lilikuwa kwamba kwa kiasi kile kinachonywewa, dawa ni salama kwa binadamu. Mtaani jibu hilo lilisikika tofauti kabisa. Nilimsikia kondakta wa Noah akilipigia debe: «Serikali imethibitisha!» Imethibitisha nini? Kwamba haiui. Maji ya kunywa nayo yangepata cheti hicho. Lakini mtu mwenye mgonjwa nyumbani hana muda wa kutofautisha salama na inaponya, na mimi simlaumu. Nawalaumu waliolitangaza jibu bila kulimalizia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema sayansi ilishaanza kuukubali mti. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mwaka 2006, miaka mitano kabla ya foleni, watafiti wa Kenya walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba maji yaliyochemshiwa mizizi ya Carissa edulis yalizuia virusi vya herpes maabarani na kuwasaidia panya walioambukizwa. Hiyo ni kazi nzuri, na inaheshimu ujuzi wa wazee waliosema mti huu unafaa kwa vidonda vya sehemu za siri. Ila panya wale walipewa dawa kwa vipimo vilivyorudiwa, na virusi vyenyewe ni vya herpes, ambavyo havina udugu na vile vya UKIMWI. Safari kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni ndefu kuliko ile ya Arusha hadi Samunge, na magari mengi hukwama njiani.

Sasa swali linalobaki: mbona watu walirudi wakisema wamepona? Siamini hata kidogo kwamba wote walikuwa waongo au wajinga. Mama mmoja jirani yetu, pande za Sakina, alikwenda na kijana wake. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi, akinywa vidonge asubuhi na jioni. Walikaa foleni siku nyingi. Chakula kilikuwa ghali na haba: biskuti, chai ya rangi, ugali kidogo wakibahatika. Aliporudi akapima, kipimo kikasoma chini kuliko alivyozoea kuona kwa miaka. Mtaa mzima ulisikia. Shuka zilitandikwa, watu wakaja kumsalimia kama aliyetoka Hija.

Mwili wake haukudanganya. Mtu mwenye kisukari cha ukubwani akikaa siku kadhaa akila kidogo sana, sukari yake inashuka, hata asinywe chochote. Kiwango cha kufunga kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi ndipo daktari huita kisukari; akishuka chini ya hapo kwa sababu ya njaa, kipimo hakina namna ya kuandika neno njaa. Mama akaacha vidonge. Miezi ilipita. Mlo ulirudi, na sukari ikarudi nao kimyakimya, maana sukari ya juu haiumi. Iliyokuja kuuma ni dole gumba la mguu, kidonda kidogo cha kiatu ambacho hakikutaka kukauka. Alipofika hospitali, dole halikuokolewa.

«Si Babu,» aliniambia baadaye, na kwa haki yake yote. «Ni mimi niliyeacha dawa.»

Nilimjibu, «Mama, nani alikwambia uendelee nazo?»

Akanyamaza kidogo, akasema hakuna.

Hilo ndilo pengo. Kikombe kilikuwa na maji ya kahawia yasiyo na madhara. Madhara yalikuwa kwenye vidonge vilivyobaki kabatini. Na kila ugonjwa uliotajwa Samunge ulikuwa na saa yake tofauti ya kulipa deni. Mtoto mwenye kisukari kinachohitaji sindano ya insulini akiacha sindano, ndani ya siku chache tu damu yake inajaa asidi, anatapika, anazimia, na anaweza kufa. Mwenye kifafa akikata dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Mwenye presha huenda asisikie kitu mpaka siku ya kiharusi.

Wenye virusi vya UKIMWI walikuwa na mtego mbaya kuliko wote. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kwa hiyo kufikia 2011 wagonjwa wengi waliokwenda Samunge walikuwa tayari wanazitumia, na kwa wengi wao virusi vilikuwa vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Mtu anakunywa kikombe, anapima, anaambiwa virusi havionekani. Sifa anapewa nani? Kidonge alichokimeza kila siku kwa miaka hakina ushuhuda wa kusimulia kanisani. Akikiacha, virusi huanza kupanda tena ndani ya wiki chache, lakini afya inaweza kubaki nzuri kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo yeye ni ushahidi unaotembea. Wanaomwona wanapanda gari kwenda Loliondo. Anapoanza kukohoa, foleni imekwisha na hakuna mwandishi wa habari anayempigia simu.

Na anayepona anaongea, wakati aliyekufa haongei. Mtu akifia Ngaresero akiwa njiani, ilisemwa alichelewa. Akifia nyumbani wiki tatu baadaye, ilisemwa hakuwa na imani. Masharti yalikuwa yameshajibu kila swali kabla halijaulizwa. Mganga wa kawaida wa kijijini hana kinga kama hiyo: ukifa mikononi mwake, wanawe wanakuja kumuuliza.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika kisa. Askofu Thomas Laizer, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini Kati ya KKKT, alisimama na Mchungaji hadharani. Kwa Mlutheri wa Machame au Meru aliyelelewa kuambiwa kwamba kwa mganga hakuendeki, hili lilifungua mlango ambao haukuwahi kufunguka. Mizizi ileile, ikitolewa na laiboni, mganga na mtabiri wa Kimaasai, au na mzee wa Kisonjo, ingeitwa ushirikina. Ikitolewa na mchungaji ikawa neema. Nadhani watu wengi wa Kilimanjaro na Arusha walikuwa wamebeba kiu ya muda mrefu ya kuitumia dawa ya bibi zao bila kuonekana wamerudi nyuma, na Samunge iliwapa ruhusa. Sehemu hii ya kisa mimi naihurumia kabisa.

Upande wa fedha siuandikii sana. Kikombe kilikuwa shilingi 500 na bei hiyo haikupandishwa. Nauli ndiyo iliyozidi kikombe mara mia na zaidi, na aliyetajirika ni mwenye gari. Baada ya hapo vikombe vingine vikazuka, Tabora, Mbeya na kwingine, kila kimoja na ndoto yake na mti wake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ilikuwa tayari inataka waganga na dawa zao wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ila sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mganga, na mbele yake akasimama mchungaji. Ilikuwa vigumu kujua umshike kwa mkono upi.

Kuna jambo moja la mti ambalo lingestahili kutangazwa kwa vipaza sauti mwaka ule, na hata leo. Olamuriaki ina ndugu. Wanaitana familia moja, Apocynaceae, na wanafanana kama watoto wa mama mmoja: majani magumu yanayokaa mawili mawili, utomvu mweupe, maua meupe ya kupauka wekundu yenye harufu tamu, matunda ya zambarau, kijani mwaka mzima. Huyo ni msunguti, Acokanthera schimperi, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Ndio mti ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamechemsha mbao na mizizi yake kwa saa nyingi hadi ikawa lami nyeusi ya kupaka kwenye mishale. Sumu yake, ouabain, inashambulia moyo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888 kutokana na mti wa aina hiyohiyo uliotumiwa na Wasomali, na baadaye Ulaya iliigeuza kuwa sindano ya wagonjwa wa moyo kwa vipimo vidogo mno.

Tofauti inayoonekana haraka ni mwiba. Mugariga ina miiba, msunguti hauna. Mchunga mbuzi anaijua tofauti hiyo tangu akiwa na miaka mitano. Mtu wa mjini aliyesikia kwamba dawa ya Babu ni mizizi ya kichaka chenye maua meupe na matunda meusi haijui. Mizizi inapofika mjini ikiwa imekatwakatwa, imekauka na kufungwa mafungu kwenye turubai, jani halipo na mwiba haupo. Kina mama wa Kimaasai wanaouza dawa mitaani Arusha kwa kawaida wanajua wanachouza, maana wamekichimba wenyewe au wanamjua aliyekichimba. Wasiwasi wangu ni kwa fungu lililopita mikono mitatu, na kwa unga uliokwisha kusagwa na kutiwa kwenye kopo lenye picha ya Mlima Meru.

Yule mama wa Sakina bado anaitumia olamuriaki. Shemeji yake wa Monduli humletea mizizi yenye vijiti vyake, miiba ikiwemo, naye huitia kwenye supu ya mbuzi Jumamosi kwa ajili ya magoti. Vidonge vya sukari viko kwenye sahani dogo pembeni ya jiko. Mwaka jana kliniki walimuuliza kama anatumia dawa yoyote ya kienyeji, akawatajia, na nesi akaiandika kwenye kadi: olamuriaki, kikombe cha supu, mara moja kwa wiki.